Miezi Yako Idaiwe: Hifadhi ya Jamii na Posho ya Watoto kwa Wafanyakazi Wahamiaji

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wafanyakazi wahamiaji na familia zao. Tunaichapisha yote kwa ajili ya waliokuwa zamu wakashindwa kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, na ninyi vijana mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa: asanteni sana kwa kufika.

Naomba kila mmoja aikumbuke hati yake ya mshahara ya mwezi uliopita. Ulikatwa kiasi gani cha hifadhi ya jamii? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Swali la pili: makato hayo yalikwenda katika mfuko wa nchi gani? Jibu la swali la kwanza wengi wetu tunalo kichwani, tena kwa uchungu. La pili hatulijui. Na hilo la pili ndilo linaloamua kama utapata pensheni, kama mtoto wako anayelelewa nchi nyingine atalipiwa posho, na kama mkeo au mumeo atapata chochote siku ukifumba macho.

Sheria za hifadhi ya jamii zilitungwa kwa ajili ya mtu anayezaliwa, anayefanya kazi, anayezeeka na kuzikwa katika nchi ileile. Ukivuka mpaka, mambo manne yanaweza kwenda kombo. Unaweza kukatwa michango na nchi mbili kwa kazi moja, au usiandikishwe popote. Unaweza kunyimwa fao kwa sababu ya uraia. Unaweza kuwa na miaka mingi ya kazi, lakini ikawa pungufu katika kila nchi. Na unaweza kustahili fao, kisha ukaambiwa halilipwi nje.

Dunia imeyajua haya muda mrefu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1925 mkataba namba 19, unaotaka mgeni aliyeumia kazini alipwe fidia sawa na mwenyeji. Mwaka 1962 ukaja namba 118, unaogusa matawi tisa ya hifadhi ya jamii, posho ya familia ikiwemo. Mwaka 1982 ukaja namba 157, wa kulinda haki za anayehama. Lakini mikataba hiyo peke yake haimlipi mtu. Anayelipa ni mfuko wa nchi, na mfuko husoma sheria yake pamoja na makubaliano ambayo nchi hiyo imetia saini na nchi nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nitapata kiasi gani?", uliza hivi: kati ya nchi ninayofanya kazi na nchi wanakoishi wanangu, kuna makubaliano? Na kama yapo, yanahusu mafao gani? Makubaliano ya pensheni si makubaliano ya posho ya watoto. Narudia, maana hapa ndipo watu wengi hupotea: makubaliano ya pensheni si makubaliano ya posho ya watoto.

Nitazungumza sana juu ya Umoja wa Ulaya, kwa sababu huko ndiko utaratibu umekamilika kuliko kwingine. Unasimamiwa na Kanuni namba 883 ya mwaka 2004 na Kanuni ya utekelezaji namba 987 ya mwaka 2009, zote zikianza kutumika tarehe 1 Mei 2010. Je, zinamhusu asiye raia wa Ulaya? Zinamhusu. Kanuni namba 1231 ya mwaka 2010 iliwaingiza raia wa nchi nyingine, kwa masharti mawili: uwe unaishi kihalali katika nchi mwanachama, na hali yako iguse zaidi ya nchi moja ya Umoja. Aliyetoka nje ya Ulaya akafanya kazi Ufaransa tu, hizi hazimsaidii. Yeye atazame sheria ya Ufaransa na makubaliano yake na nchi alikotoka. Aliyefanya kazi Ufaransa kisha Italia, zinamsaidia. Ila Denmark haimo katika upanuzi huo, wala Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein. Anayefikiria kuhamia huko kutoka nchi ya Umoja aulize kwanza.

Sasa tuingie katika jambo la kwanza: kwa wakati mmoja, nchi moja tu. Hata ukifanya kazi nchi tatu, unakuwa chini ya sheria ya nchi moja, na kwa kawaida ni ile unakofanyia kazi. Mwajiri akikutuma nchi nyingine kwa muda, unaweza kubaki katika bima ya ulikotoka, kwa safari isiyotarajiwa kuzidi miezi 24, mradi usiwe umetumwa kumbadili mwenzako aliyekwisha kutumwa. Ushahidi wake ni hati inayoitwa A1. Ukikaguliwa kwenye eneo la ujenzi huna A1, nchi uliyomo inaweza kudai michango upya.

Chukueni dereva wa lori. Anaishi Poland, kampuni yake imesajiliwa Lithuania, magurudumu yake yako Ujerumani na Ufaransa karibu mwezi mzima. Bima yake iko wapi? Wengi watasema Ujerumani. Sivyo. Anayefanya kazi nchi mbili au zaidi hutazamwa kwanza kama sehemu kubwa ya kazi yake iko katika nchi anayoishi, na kipimo ni asilimia 25 ya muda au ya ujira. Akiifikia, yuko chini ya Poland. Asipoifikia, na ana mwajiri mmoja, anakwenda yalipo makao ya mwajiri: Lithuania. Basi posho ya watoto inayotokana na kazi yake itaanzia Lithuania pia. Akipeleka maombi Ujerumani kwa sababu ndiko anakolala garini, atapoteza miezi akisubiri barua ya kukataliwa.

Jambo la pili ni miezi, na hapa naomba tukae kidogo.

Kila nchi ina kima cha chini cha miaka ya kuchangia. Ujerumani inataka miaka 5. Uhispania inataka 15. Mtu amechangia Ujerumani miaka 4 na Uhispania miaka 12. Ujerumani inasema hujafika, Uhispania inasema hujafika. Je, miaka 16 ya jasho imepotea? Haijapotea. Kila nchi inapaswa kujumlisha: 4 na 12 ni 16, imezidi 5 na imezidi 15. Mlango umefunguka pande zote mbili.

Lakini kujumlisha ni kwa ajili ya kufungua mlango, si kwa ajili ya malipo. Hakuna nchi inayolipia miaka ya nchi nyingine. Uhispania itapiga hesabu kana kwamba miaka yote 16 ilikuwa yake. Tuseme hesabu hiyo imetoa yuro 640. Itazidisha kwa 12 na kugawa kwa 16, ikulipe 480. Ujerumani italipa sehemu ya miaka yake 4. Utapokea malipo mawili kutoka mifuko miwili, tena huenda yasianze mwaka mmoja, kwa kuwa kila nchi ina umri wake wa kustaafu. Ujerumani ni miaka 67 kwa aliyezaliwa mwaka 1964 au baadaye.

Na aliyefanya kazi miezi minane tu mahali? Nchi ambako hukufikisha mwaka mmoja inaweza isikulipe, lakini nchi nyingine zitaihesabu miezi hiyo kama yao. Kwa hiyo kibarua cha msimu kiandikwe kwenye fomu. Watu hukiacha kwa kudhani hakina maana.

Nje ya Ulaya utaratibu unafanana, vipimo vinatofautiana. Marekani inataka alama 40 za michango, na mtu hupata alama zisizozidi nne kwa mwaka, yaani kama miaka 10. Kwa nchi zenye makubaliano nayo, ya kwanza ikiwa Italia mwaka 1978, inajumlisha, ila lazima uwe na alama 6 za kwake. Hakuna nchi ya Afrika katika orodha hiyo. Uingereza inataka miaka 10 kwa pensheni yake mpya ya serikali, na ina jambo lake: ukihamia nchi ambayo sheria ya Uingereza haiitambui kwa nyongeza ya kila mwaka, pensheni inakuja lakini imeganda. Pauni za mwaka wa kwanza ndizo utakazopokea miaka 20 baadaye. Hata Kanada na Australia zimo katika kundi hilo, kwa hiyo msidhani ni suala la nchi maskini.

Sasa nije kwenye kosa ninaloliona la gharama kuliko yote: kuchukua michango na kuondoka. Ujerumani inaruhusu mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya, aliyeondoka kabla ya kutimiza miezi 60, aombe kurudishiwa michango baada ya kungoja miezi 24. Inapendeza kusikia. Tazameni kinachorudishwa: kwa kawaida ni sehemu uliyokatwa wewe tu. Ya mwajiri inabaki mfukoni mwao. Na miezi hiyo inafutwa; huwezi kuijumlisha tena popote, hata ukirudi Ulaya baada ya miaka mitatu. Mwenye miezi 55 anayeweza kuvumilia mitano zaidi, avumilie, kwa sababu kwenye mwezi wa 60 anapata haki ya pensheni ya uzeeni maisha yake yote. Mwenye miezi 9 asiyefikiria kurudi Ulaya kabisa, huyo simlaumu akiomba.

Na nini huvuruga maombi ya pensheni? Majina. Mtu ameandikwa majina matatu katika nchi moja, mawili katika nyingine, la babu limegeuka jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa imekuwa 1 Januari kwa sababu karani hakuwa na nyingine. Mifuko hubadilishana taarifa kwa kompyuta, na kompyuta haijui kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Rekebisha ukiwa bado kazini, mwajiri yupo na cheti cha kuzaliwa kipo. Omba taarifa ya michango yako kila mwaka, na linganisha miezi na hati zako za mshahara. Mwezi ambao mwajiri hakupeleka michango ni rahisi kuufuata mwaka huu kuliko baada ya kampuni kufa. Kwa maombi yenyewe, ndani ya Umoja wa Ulaya fomu moja inatosha: unaipeleka katika nchi unayoishi, nayo inaziarifu nyingine. Orodhesha nchi zote.

Jambo la tatu, ambalo najua ndilo lililowaleta wengi: watoto.

Chini ya kifungu cha 67 cha Kanuni 883, mzazi aliye katika bima ya nchi moja ana haki ya posho ya nchi hiyo kwa watoto wanaoishi nchi nyingine mwanachama, kana kwamba wanaishi naye. Kiasi kilekile. Haki hii haikuja bure. Ufaransa iliwahi kuwa na msamaha maalumu: kwa watoto walio nje, ililipwa posho ya nchi wanakoishi, si ya Ufaransa. Mfanyakazi mmoja kutoka Italia alinyimwa posho ya Ufaransa kwa miezi ambayo watoto walikaa Italia, akaenda mahakamani, na tarehe 15 Januari 1986 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaufuta msamaha huo katika kesi 41/84.

Mngedhani jambo limekwisha. Miaka 33 baadaye, tarehe 1 Januari 2019, Austria ikaanza kupandisha na kushusha posho ya watoto walio nje kufuata gharama za maisha za huko. Walioumia zaidi ni wanaotoka nchi za mashariki, wakiwemo kina mama wanaokwenda Austria kutunza wazee majumbani na watoto wao wakabaki Slovakia, Hungary au Romania. Michango yao haikupunguzwa hata senti. Tarehe 16 Juni 2022, katika kesi C-328/20, Mahakama ikasema ni ubaguzi: kama bei hazisababishi posho kutofautiana kati ya mkoa na mkoa ndani ya Austria, kwa nini zitumike kwa mtoto aliye Slovakia? Austria ikalazimika kurudisha.

Sasa, wazazi wakiwa nchi mbili, nani analipa? Kifungu cha 68 kina mpangilio. Haki itokanayo na kazi hutangulia haki itokanayo na pensheni, na zote mbili hutangulia haki itokanayo na kuishi tu. Kama wazazi wote wanafanya kazi, inatangulia nchi wanakoishi watoto, ikiwa mmoja wao anafanya kazi huko. Nchi ya pili hulipa tofauti, kama kiwango chake ni kikubwa.

Baba yuko kazini Ujerumani. Mama na watoto wawili wako Poland. Mwaka 2025 Ujerumani ililipa yuro 255 kwa mtoto kwa mwezi, Poland zloti 800. Kwa kiwango cha zloti 4.25 kwa yuro moja, hizo 800 ni kama yuro 188. Mama akiwa ameajiriwa, Poland inatangulia na Ujerumani inaongeza 67 kwa kila mtoto. Mama akiwa hana kazi, Ujerumani inatangulia na inalipa 255 yote kwa kila mtoto.

Mmeona hatari iko wapi? Iko kwenye mabadiliko. Mama akipata kazi mwezi wa tatu na hakuna aliyearifu, ofisi zote mbili zinaendelea kulipa kwa mpangilio wa zamani. Miaka miwili baadaye inakuja barua ya deni. Kupata kazi, kuacha kazi, kutengana, mtoto kuhama kwa bibi: kila moja liarifiwe, kwa maandishi, kwa ofisi zote mbili.

Hatari nyingine ni kuchelewa. Ujerumani hailipi nyuma zaidi ya miezi sita kabla ya mwezi wa maombi. Mtoto wa miaka miwili ambaye hajaombewa amekwisha kupoteza mwaka mmoja na nusu. Hujui ofisi ipi ni sahihi? Peleka maombi kwenye mojawapo. Ofisi isiyohusika inatakiwa kuyahamisha, na tarehe inayohesabiwa ni ile ya kwanza uliyoyawasilisha. Ndiyo maana nasisitiza: pata stakabadhi yenye tarehe. Na mzazi asiyetaka kuomba kwa ukorofi? Maombi ya mzazi mwenzake, au ya anayemlea mtoto, hayana budi kupokewa. Anayepokea posho asipoitumia kwa watoto, kifungu cha 68a kinaruhusu fedha ziende kwa anayewatunza hasa. Kina mama mlioachwa na watoto, kiandikeni kifungu hicho.

Je, mtoto akiwa nje ya Ulaya? Hapa ukweli ni mchungu. Kwa mtoto anayeishi nchi isiyo na makubaliano ya posho, Ujerumani kwa kawaida hailipi kitu. Kwa Uturuki, ambako makubaliano yapo, mtoto wa kwanza anayeishi huko hulipiwa yuro 5.11 kwa mwezi. Linganisheni na 255. Mzazi ni yuleyule, kiwanda ni kilekile, tofauti ni karatasi tu. Anayekuuzia fomu ya kudai posho kamili ya mtoto aliye Afrika anakuibia.

Hata usawa ukiandikwa, hautoshi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2010, inampa mfanyakazi katika kifungu cha 10 mafao sawa na wenyeji, kisha inaliachia Baraza la Mawaziri kutoa kanuni. Kutendewa sawa nikiwa hapa ni jambo moja. Kujumlishiwa miaka ya hapa na ya kule ni jambo jingine, na linahitaji kanuni zake.

La mwisho ni Ghuba, nalo nitalipitia kwa ufupi, si kwa sababu ni dogo. Huko mgeni kwa kawaida hayumo katika mfuko wa pensheni wa wenyeji wala hana posho ya watoto. Haki yake kubwa ni kiinua mgongo. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa sekta binafsi, ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, baada ya kutimiza mwaka mmoja. Mwenye msingi wa dirhamu 1,500, sawa na 50 kwa siku, akifanya kazi miaka 7 anadai 5,250 na 3,000, jumla 8,250, na mwajiri ana siku 14 za kulipa tangu mkataba uishe. Angalieni neno msingi. Mkataba wenye msingi mdogo na marupurupu makubwa unakupunja mwishoni. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao tofauti, wasitumie hesabu hii.

Saudia ni nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka wa mitano ya kwanza, kisha mwezi mzima. Lakini ukijiuzulu mwenyewe kabla ya miaka miwili hupati kitu. Kati ya miwili na mitano unapata theluthi. Kati ya mitano na kumi theluthi mbili. Ukifika kumi unapata chote. Aliyebakiza mwezi mmoja kufika mwaka wa tano na anataka kuondoka, ahesabu kwanza. Huko huko, mgeni wa sekta binafsi anakatiwa bima ya ajali kazini, asilimia 2 ya mshahara, na mwajiri ndiye anayelipa. Ukiumia, ajali iripotiwe ukiwa bado huko, na ripoti ya hospitali uondoke nayo. Na usitie saini karatasi inayosema umelipwa haki zako zote kabla fedha hazijaonekana kwenye akaunti.

Ndugu zangu, mengi ya haya yanamhusu mtu ambaye hayupo ukumbini. Mfanyakazi akifa, pensheni ya mjane na ya yatima huombwa na aliyebaki, na aliyebaki mara nyingi hajui hata jina la mfuko. Mpigie leo. Mpe namba yako ya bima ya kila nchi, majina ya waajiri na miaka, na picha ya cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Ndoa ya kimila isiyo na cheti iandikishwe wakati nyote mko hai. Mfuko wa kigeni hautapokea ushahidi wa mashemeji.

Na ukikataliwa, soma ukurasa wa mwisho wa barua kabla ya ule wa kwanza, maana muda wa rufaa uko huko. Kwa posho ya watoto Ujerumani ni mwezi mmoja. Mstari mmoja unaosema "sikubaliani, sababu zitafuata" unatosha kuuzuia usipite. Tuna muda wa maswali sasa. Mwenye barua ya kukataliwa mkononi aanze yeye, na aniambie kwanza tarehe iliyoandikwa juu.